Tumpe Alivyokiri Wizi wa Cherehani Yake

Mtumie na mwenzako hii, hasa mwenye mtoto mdogo, maana hakuna anayejua lini ataitwa mahakamani.

Tumpe alikamatwa sokoni, akalala mahabusu siku mbili, mtoto wa miezi minne kabaki kwa jirani, maziwa yamejaa mpaka kanga imelowa. Kosa lake? Wifi yake, Lugano, alimshtaki kwamba ameiba cherehani ya marehemu mama mkwe.

Kwenye benchi la mahakama alikaa na mahabusu mwenzake, mama mmoja mjuaji.

"Mdogo wangu, usijitese," yule mama akamwambia. "Ukikana, kesi itapigwa tarehe mpaka mwanao aote meno. Sema ni kweli, lia kidogo, utapewa onyo, jioni uko kwako."

Tumpe akalishika hilo kama dawa. Alipopanda kizimbani, karani hajamaliza hata kumsomea shtaka, akadakia, "Ni kweli, mheshimiwa, yote ni kweli."

Hakimu, mama wa makamo, akaandika, kisha mwendesha mashtaka akasoma maelezo ya tukio.

"Unayakubali maelezo hayo?" hakimu akauliza.

"Nayakubali. Niliichukua mchana, majirani wanaona, maana mama mkwe alinipa mwenyewe nilipojifungua, akasema nimshonee mjukuu wake nguo, sasa alipofariki wifi akaifungia chumbani, nikaenda kuitoa, naomba unihurumie mheshimiwa, mtoto hajanyonya."

Hakimu akaweka kalamu chini.

"Kwa hiyo ulichukua kitu chako?"

"Changu, mheshimiwa."

"Na umekiri wizi?"

"Nimekiri ili niende nyumbani."

Nyuma mtu akacheka. Hakimu hakucheka.

"Binti, kwa kukiri huko ningeweza kukufunga hata miaka saba."

"Miaka saba?" Tumpe akauliza.

"Ninaandika kwamba umekana," hakimu akasema. "Aliyechukua kitu akiamini kwa dhati ni chake, huyo hakuiba. Na wewe Lugano uliyeketi hapo nyuma, kama unabisha cherehani ni ya nani, fungua kesi ya madai. Huko tunatafuta mwenye mali, hatutafuti wa kumfunga."

Dhamana ikawa wazi, jirani akasimama kumdhamini. Wiki tatu baadaye shtaka likaondolewa.

Lakini siku ile ile ya dhamana, akitoka mbio kumwahi mtoto, Tumpe alipita pale kwenye benchi.

"Dada, na wewe ulisema ni kweli?"

Yule mama akajifunika mtandio vizuri.

"Mimi? Mimi nimekana. Wakili wangu alinikataza kukiri."

Funzo: Usikiri kosa ambalo hukulitenda ili tu uwahi kwenu. Mbele ya hakimu eleza kilichotokea, na ushauri upokee kwa mtu ambaye mwenyewe angeufuata.