Kioo cha Ganesh wa Mkwajuni

Zamani, wajukuu zangu, zamani hasa, ndizi zilipokuwa bado zimenyooka na kinyonga hajachagua rangi, kisa kimoja kilipita mlangoni kwangu nikakiita ndani. Mkiitika nitakileta, mkinyamaza nitakwenda kulala. Haya, mmeitika. Nawe Tausi, acha kumfinya mwenzio.

Mmepita mara ngapi mbele ya hekalu la Wahindi la Mkwajuni? Mmeona jinsi watu wanavyoingia: hawaendi kwanza kwa mungu wao. Wanampa mgongo, wanasimama mbele ya kioo kikubwa kilichomwelekea, wanamsalimu mle kiooni, ndipo wanageuka. Kwa nini? Mimi nami niliuliza, nikiwa na umri wenu na meno mengi kuliko haya.

Wanamwita Ganesh. Mwili wa mtu, kichwa cha ndovu, tumbo la aliyeshiba. Majirani zetu husimulia kwamba mama yake alimfinyanga kwa manjano aliyojisinga, akamwambia akae mlangoni, asipite mtu. Akaja baba kutoka safari ndefu. Baba hakumjua mtoto, mtoto hakumjua baba. Nipishe, sikupishi. Nipishe, sikupishi. Hasira ikampanda baba, kichwa cha mtoto kikaanguka. Mama akalia hata mbingu ikatikisika, na baba akaagiza kiletwe kichwa cha kiumbe wa kwanza atakayeonekana. Akaonekana ndovu.

Basi ndivyo alivyo. Pembe moja nzima, nyingine imevunjika, maana aliivunja mwenyewe siku moja alipokosa kalamu. Mkono wa kushoto ana bakuli la vitamu, na mkonga umepinda kushoto kuufuata utamu. Huyo wa mkonga wa kushoto ni mpole, anakaa na watu majumbani. Wa mkonga wa kulia, wanasema, ni mkali, na ibada yake haikosewi hata neno. Kushoto mpole, kulia mkali. Shikeni hapo.

Sasa, Mkwajuni palikuwa na fundi wa mawe, jina lake Ladha, mzee aliyefiwa na mke. Akiishi na binti yake Monghi, mwanamke mzima, mjane, mpika peda, vile vitamu vya maziwa vya mviringo vyenye nakshi juu. Monghi alikuwa mtu wa maswali. Kwa nini hiki kiko hivi, kwa nini kile hakiko hivi. Watu wakimwona anakuja walijifanya wana haraka.

Ladha alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alipopewa jiwe jeusi amchonge Ganesh wa hekalu jipya, alimwambia bintiye kwamba hii ndiyo kazi yake ya mwisho, na akishaimaliza macho yaende yanakotaka kwenda. Akachonga miezi tisa nyuma ya mkeka. Sura ya mungu haitazamwi kabla ya siku yake, kwa hiyo hata Monghi aliishia kusukuma sahani ya chakula chini ya mkeka na kuondoka na maswali yake.

Siku ikafika. Asubuhi, watu wamejaa uani, kuhani wao, Maharaji Girdhar, akaondoa mkeka. Macho ya Ganesh yalikuwa bado yamezibwa kwa nta, kama desturi ilivyo. Kila mtu alirefusha shingo, na Monghi kuliko wote. Alitazama tumbo, akatazama bakuli, akatazama mkonga, na moyo ukamshuka. Mkonga ulikuwa umepinda kulia.

Mzee Kalyanji, mkubwa wa jamaa zao, alisema huyu hawamwezi. Wao ni wauza nguo na wapika chapati. Nani ataiongoza ibada isiyokosewa hata neno? Wakimkosea, watajuta na watoto wao. Akaamua kwamba ikifika adhuhuri jiwe lizamishwe baharini, kwa heshima, na maua yake.

Ladha alilipapasa jiwe lake. "Nilifuata mfano wa mama yake Monghi," alisema. "Sikuongeza, sikupunguza." Akakaa chini, mikono magotini, kama mtu anayemngoja mchukuzi. Hakuwa na macho ya kuchonga jingine, na kila mtu alilijua hilo. Monghi alimwonea baba yake uchungu usiosemeka.

Lakini swali likamwasha. Mfano gani? Mama yake hakuacha picha. Aliingia nyuma ya mkeka akapekua, na penye vumbi la jiwe akakiona kibao cha jikoni alichokuwa akikitafuta miezi tisa: kibao cha mama yake cha kuchapia peda, chenye Ganesh ndani. Wajukuu, kibao huchongwa kinyume ili peda itoke sawasawa. Mpishi yeyote anajua. Ladha alikula peda maisha yake yote, hakuchapa hata moja.

Monghi aliwaeleza. Mzee Kalyanji alimsikiliza kwa upole, kisha akamwambia kosa halipungui kwa kujulikana lilikotoka. Jua lilikuwa linapanda. Wachukuzi walishaanza kufunga kamba.

Monghi akamgeukia kuhani. "Maharaji, nta ikitolewa, anaona nini kwanza?"

"Kioo. Macho mapya yana ukali, hatuyaelekezi kwa mtu. Tunamwekea kioo ajione mwenyewe."

"Na akishajiona?"

"Sura aliyoiona kwanza ndiyo anayoishika."

"Basi kabla hamjamzamisha, naomba kioo."

Kikaletwa, kikasimamishwa mbele ya jiwe. Watu wakasogea pembeni, wakachungulia. Mle kiooni alikaa Ganesh wao, yule wa majumbani, bakuli mkono wa kushoto, mkonga umepinda kushoto. Maharaji alitazama kioo, akatazama jiwe, akatazama tena kioo. Wachukuzi waliacha kamba. Mzee Kalyanji alijikuna ndevu na kuuliza, kwa sauti ndogo, kama jambo hilo linaruhusiwa. Maharaji aliomba sindano ya dhahabu, akaanza kuitoa nta.

Ndiyo maana kioo hakikuondolewa tena, na ndiyo maana watu humsalimu kwanza mle, alimojiona mpole.

Ladha alikuwa bado amekaa chini, haoni kinachoendelea. Monghi alikishindilia kibao kinyunya cha peda, akakibandua, akamwekea baba kibao mkono mmoja na peda mkono wa pili. Mzee akapapasa huku, akapapasa kule, mpaka vidole vikaelewa.

"Ulichonga kibao, Bapu," Monghi alimwambia. "Hakizamishwi tena; peda ni sisi tunaochapwa nacho."

Ladha akaila, huku machozi yakimtoka.

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na kazi ya mtu isitupwe kabla haijatazamwa upande wa pili. Kisa nimekichapa, nimekibandua. Kilichotoka kitamu kuleni, kilichovunjika nirudishieni mimi na meno yangu mawili.