Picha ya Thelathini na Sita

Mtu mmoja alikuwa na kamera, na kila Jumapili alipewa mkanda mmoja wa picha thelathini na sita. Jina lake Nassoro. Alikuwa mpiga picha wa gazeti la michezo lililoitwa Kona, katika mji wa bara wenye stesheni kubwa ya reli na uwanja mmoja wa mpira usio na nyasi. Gazeti hilo liliishi majuma thelathini na moja. Kuku wa kienyeji huishi zaidi ya hapo, wasipokuja wageni.

Mwenye gazeti aliitwa Bwana Lugembe. Yeye ndiye aliyekuwa mhariri, na yeye ndiye aliyeshika funguo za kabati la mikanda. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi, kwa sababu mtu mbaya unamjua mapema ukajihadhari naye. Lugembe aliupenda mpira kwa dhati. Aliweza kukutajia kikosi cha miaka ishirini nyuma bila kukosea jina. Ila alichokipenda zaidi ya mpira ni kuishi bila kumuudhi mkubwa yeyote, na mtu mwenye mapenzi mawili ya namna hiyo, mnajua wenyewe lipi hushinda.

Basi kila Jumapili asubuhi alimkabidhi Nassoro mkanda, pamoja na mgao wake. Picha kumi za kwanza ni za mgeni rasmi: akishuka garini, akipokewa, akisalimiana na wachezaji. Kumi nyingine ni za meza kuu, yenye kitambaa na maua, waheshimiwa mmoja mmoja, asije mtu akalalamika kwamba alirukwa. Tano ni za hotuba. Kumi ndizo za mpira. Na ile moja ya mwisho, ya thelathini na sita, isiguswe kabisa. Imngoje mgeni, maana huwezi kujua mgeni atafanya nini.

Siku za mwanzo Nassoro aliwahi kumuuliza goli likifungwa afanye nini. Lugembe alimtazama kwa huruma kabisa, akamwambia, "Mpira upo kila Jumapili, Nassoro. Mgeni rasmi haji kila Jumapili."

Maneno hayo yana sura ya hekima. Nassoro aliyageuza huku na huku asione pa kuyashika, akachukua mkanda akaenda uwanjani. Ni uongo uliovaa kanzu safi, na wengi wetu tumeusalimia kwa heshima tukidhani ni sheikh.

Tena jueni jinsi uwanja ule ulivyokuwa. Meza kuu iliwekwa pembeni mwa mstari, chini ya turubai, ikiutazama mpira. Anayetaka kuipiga picha hana budi kusimama mstarini na kuupa uwanja mgongo. Hakuna namna nyingine. Nassoro alisimama hivyo Jumapili baada ya Jumapili, akisikia nyuma yake watu wakishangilia, wakisonya, wakimtukana refa, na mbele yake mheshimiwa akijipangusa kijasho. Zile kumi za mpira nazo hazikusalimika. Mara amechelewa kuja mke wa mgeni, naye ni lazima apigwe. Mara kuna diwani aliyefumba macho katika picha ya kwanza, anaomba nyingine. Mara fundi aliyeshona jezi anataka kukumbukwa. Kipindi cha pili kikianza, mkanda ulikuwa umeliwa.

Jumatatu watu walinunua gazeti, wakafunua kutafuta goli, wakakuta viti. Wakaanza kuliita gazeti la viti. Nassoro alipokwenda kunyoa, kinyozi alimuuliza kama anajua milingoti ya goli imepakwa rangi gani, na waliokaa kungoja zamu wakacheka hadi wakashika mbavu. Alikereka, lakini jibu lake lilikuwa tayari siku zote: mimi nimetumwa. Ni jibu zuri sana. Linamtosha kila mtu isipokuwa yule anayelitoa, akibaki peke yake.

Ikafika fainali ya kombe la mji, Wapakizi dhidi ya Bohari. Wapakizi walikuwa vibarua wa stesheni, wabeba magunia ya karanga, na kombe hilo hawakuwahi kulishika. Beki wao wa kushoto aliitwa Zuberi, mtoto wa mtaa mmoja na Nassoro. Walichunga mbuzi pamoja na kuchapwa pamoja. Zuberi alikuwa amecheza miaka kumi na mmoja asifunge hata goli moja. Watu walimtania kwamba goli kwake ni habari za kusikia. Asubuhi ya fainali alipita kwa Nassoro na viatu vyake begani, akamwambia kwamba anaona magoti yameanza kumsaliti, kwamba huu huenda ukawa mpira wake wa mwisho, na kwamba hana kitu cha kuwaachia wanawe chenye sura yake ndani. Akaomba picha moja akiwa na mpira mguuni. Moja tu. Nassoro akamwahidi, na alipoahidi alikuwa anasema kweli.

Lakini siku hiyo mgeni rasmi alikuja na msafara. Ishirini na tano za mgao zikaisha kabla filimbi haijapulizwa, na kumi za mpira zikafuata njia ile ile: wake, madiwani, mdhamini, mdogo wake mdhamini. Dakika ya themanini ilipofika, hesabu ya kamera ilionyesha thelathini na tano. Timu hazijafungana. Imebaki picha moja, ile isiyoguswa.

Dakika ya themanini na nane Zuberi alimnyang'anya mtu mpira karibu na lango lake mwenyewe, akaanza kukimbia nao. Hakuna aliyemfuata kwa bidii, maana ni nani amwogope Zuberi? Alipita katikati ya uwanja. Nassoro alimwona. Akainua kamera, akampata ndani ya kioo, kifua mbele, mdomo umekazwa, na kidole kikawa juu ya kitufe.

Hapo mgeni rasmi akainua glasi ya soda.

Lugembe, aliyesimama nyuma ya meza kuu, akaona mambo yote mawili kwa pamoja, akamwita Nassoro, na alipogeuza shingo akamnyooshea kidole, kisha akakielekeza kwa mgeni. Nassoro alikuwa na muda wa kukataa. Haukuwa mrefu, lakini ulikuwepo, na katika miaka yote iliyofuata hakuwahi kujidanganya kwamba haukuwepo. Akageuka, akaupa uwanja mgongo kama alivyozoea, akabonyeza. Wakati huo huo ardhi ikatetemeka nyuma yake.

Goli hilo alisimuliwa. Mpira uligonga mwamba kwa chini ukaingia, na golikipa wa Bohari akabaki ameduwaa. Alisimuliwa na watoto, na wauza maji, na vipofu pia naona walimsimulia, kana kwamba alikuwa safarini, ilhali alisimama hatua ishirini kutoka hapo na kamera mkononi.

Jumatatu watu walijipanga kungoja gazeti kabla halijafika. Hata wasiojua kusoma walikuja, maana picha haihitaji shule. Likaja. Ukurasa wa mbele, mgeni rasmi akishuka garini. Ndani, mgeni rasmi na maua. Ile picha ya thelathini na sita Lugembe aliikataa katakata. Alisema haina heshima, imemtoa mgeni vibaya, na meza kuu yote imevurugika. Nassoro mwenyewe, alipoisafisha, aliona kweli haifai, akaichora msalaba mwekundu kwenye kona na kuandika nyuma: imeharibika.

Watu hawakupiga kelele. Walirudisha gazeti mezani, wakaenda zao. Juma zima wauza karanga waliukunja uso wa mgeni rasmi kuwa vifuko, na Jumatatu iliyofuata hakuna aliyenyoosha mkono. Kona likafa hivyo. Lugembe akafungua duka la misumari na mabati, na nasikia hata huko wateja wakubwa hawakupanga foleni.

Zuberi alikuja kuulizia picha yake. Sasa tazameni mtu anavyoweza kujifunga kamba mwenyewe. Nassoro angeweza kumwambia ukweli siku ile ile, akatukanwa, yakaisha. Akamwambia, ipo kwenye mikanda, nitakutafutia. Walipokutana sokoni, ipo, nitakutafutia. Msibani, nitakutafutia. Miaka ikapita ishirini na mitano. Nassoro akawa mzee wa kupiga picha za vitambulisho, na kila alipomwona Zuberi kwa mbali alikumbuka ghafla shughuli ya mtaa wa pili.

Siku moja mchana Zuberi alibisha hodi. Mgongo ulikuwa umepinda kwa magunia, na alikuwa na hasira ya mtu mpole, ambayo haina pa kutokea. Klabu ya Wapakizi ilikuwa imepaka rangi ukuta wa ofisi yao na kuandika historia, na penye mfungaji wa goli la fainali ile waliandika jina la nahodha. Nahodha alikuwa marehemu, hawezi kusahihisha. Wajukuu wa Zuberi waliusoma ukuta, wakarudi nyumbani wakamwambia, babu, acha kujipachika mambo ya watu. Kila aliyemtafuta athibitishe, ama amekufa, ama kumbukumbu imemtoka, ama anasema labda. Zuberi aliketi mkekani, akasema hatoki hapo bila kuiona mikanda kwa macho yake.

Nassoro alileta bati la biskuti lenye kutu. Humo mlikuwa na picha zaidi ya elfu moja, kazi ya majuma thelathini na moja ya uhai wake. Walizipanga mkekani, na Zuberi akazitazama moja baada ya moja, bila haraka. Mgeni akishuka garini. Mgeni mwingine akishuka gari jingine. Maua. Diwani amefumba macho, diwani amefumbua. Kitambaa cha meza. Zuberi aliuliza majina ya watu hao, na Nassoro, aliyewapigia magoti kwa miezi saba, hakukumbuka hata wanne. Wala katika miaka hiyo yote hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuja kuulizia picha yake.

Mwishoni kabisa mwa bati ikabaki ile yenye msalaba mwekundu.

Zuberi aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza dirishani. Ilikuwa meza kuu, lakini haikuwa ile meza kuu ya siku zote. Mgeni rasmi amesimama wima, kinywa wazi, soda inamwagika juu ya tai naye hana habari. Mkewe amemshika jirani yake bega. Madiwani wamepanda juu ya viti kwa viatu vyao. Mdhamini amevua kofia. Nyuma yao wote Bwana Lugembe, ambaye kidole chake bado kimemnyooshea mgeni, lakini uso umegeukia kwingine na macho yamemtoka, anacheka kama mtoto. Hapakuwa na hata mtu mmoja aliyeitazama kamera. Kila jicho lilitazama mahali pamoja, nyuma ya mpiga picha, juu ya bega lake.

Zuberi akaiweka picha magotini, akamwinulia Nassoro macho.

"Wote hawa wananitazama mimi," akasema. "Ndugu yangu, wewe ulikuwa unatazama nini?"

Lile jibu la kwamba alitumwa Nassoro alilitafuta mahali lilipokuwa siku zote, na akalikuta, lakini hakuweza kulitoa mbele ya mtu yule, maana aliyemtuma naye alikuwa humo pichani, akitazama mpira. Akamwambia ukweli wote, kwa sauti ndogo, akiwa amechelewa miaka ishirini na mitano. Zuberi alisikiliza hadi mwisho. Aliomba picha ile, akaifunga ndani ya kitambaa, akaondoka. Aliitundika ukutani kwake na msalaba wake mwekundu, na wajukuu wakibisha huwaonyesha vile vinywa vilivyo wazi. Wengine wanaamini, wengine hawaamini. Nassoro alibaki mkekani na zile nyingine, elfu moja na zaidi, safi, zisizo na kasoro yoyote.

Nanyi mlioketi hapa, ambao mkanda wenu nao una picha zilizohesabiwa: ikiwa mgeni rasmi mwenyewe alikwisha kuinuka kitini kuutazama mpira, sisi tumeupa mgongo kwa ajili ya nani?