Aliyeitikia Darasani kwa Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo wanyama nao walivaa sare na kwenda shule, palikuwa na shule ya bweni katikati ya pori. Mkuu wake alikuwa Kifaru. Mwalimu wa watoto wadogo alikuwa Pimbi, mnyama mdogo ambaye masikio yake hayakufika hata gotini kwa Kifaru.

Asubuhi moja Pimbi alikuwa akiita majina.

"Mwiba!"

"Nipo, mwalimu!"

"Chepe!"

"Nipo, mwalimu!"

Pimbi akainua macho. Kiti cha Chepe, mtoto wa Digidigi, kilikuwa kitupu.

"Chepe, uko wapi?"

Watoto wote walikuwa wameukodolea macho ukuta wa nyuma. Humo ukutani kitu kilikuwa kinapumua: hhhuu... hhhuu...

Kesho yake Mwiba, mtoto wa Nungunungu, naye hakuonekana. Pimbi akaita jina lake.

"Nipo, mwalimu," ikajibu sauti ya Mwiba, nyembamba, kama inatoka mtungini.

Pimbi mbio! Pu-pu-pu-pu mpaka uwanjani, ambako Kifaru alikuwa akiwatembeza wageni.

"Mkuu! Shule yako inameza watoto, nawe umetoa macho tu!"

Wageni wakatazamana. Kifaru akakoroma, "Pffuu! Nimepita dirishani kwako sasa hivi. Kila jina limeitikiwa. Rudi darasani kabla sijakufukuza!"

Pimbi akarudi kwa hasira na woga. Lakini njiani akajiuliza: "Ningeambiwa mimi vile mbele ya wageni, ningesikia? Wapi! Tena nimempigia kelele tu, sikumwambia nataka afanye nini."

Akangoja wageni waondoke. Akawatoa watoto darasani kimyakimya, wakinyata, kidole mdomoni. Akawakabidhi kwa mpishi, kisha akaenda ofisini.

"Hodi, Mwalimu Mkuu."

"Umekuja kunitukana tena?"

"La, nimekuja kuomba radhi. Pale uwanjani nilikukosea heshima."

Kifaru akaweka kikombe chake chini. "Haya. Sema."

"Chepe na Mwiba hawapo, ila majina yao yanaitikiwa. Sikuombi uniamini. Nakuomba uje uite majina wewe mwenyewe. La mwisho, uite lile ulilopewa na mama yako."

"Langu? La nini?"

"Ukiita utajua. Pasipotokea kitu, nifukuze."

Kifaru akainuka. "Twende."

Wakaingia. Jua lilikuwa linawaka nje, lakini mle ndani palikuwa baridi. Viti vyote vitupu. Kifaru akafungua kinywa aulize watoto wako wapi. Pimbi akamfanyia ishara: ita.

"Chepe!"

"Nipo, mwalimu!"

"Mwiba!"

"Nipo, mwalimu!"

"Kidoti! Manyoya!"

"Nipo, mwalimu! Nipo, mwalimu!"

Sauti za watoto zikajaa darasa lisilo na mtoto hata mmoja. Ngozi ya Kifaru, nene kama ilivyo, ikasisimka. Akameza mate, akaita kwa kunong'ona:

"Gunzo."

Ukutani kikasikika kisauti cha ndama: "Nipo, mwalimu."

Kifaru alikuwa amesimama palepale, kinywa amekifumba.

"Gunzo ni mimi!" akanguruma. GUUUM! Ukuta ukaporomoka.

Loo! Fisi huyo, amejibanza kwenye shimo, sikio bado limeelekea darasani!

"Mzaha tu, mkuu! Mzaha!"

Nyuma yake Chepe na Mwiba walikuwa wamefungwa kamba za mizizi, hai, macho yamewatoka. Fisi aliwakamata walipokwenda chooni, akawa anawalisha wanenepe, na kuwaitikia ili mtu yeyote asiwatafute. Kwa kuwa hakuweza kuona darasani, aliitikia kila jina ambalo mwenyewe hakuliitikia.

Kifaru akamtia pembe, akamrusha juu, vuuu! Fisi akaangukia vichakani, akakimbia akilia kwa sauti ya mtoto, na hakuna aliyejua ni ya mtoto gani.

"Mwalimu Pimbi," Kifaru akasema, akihema, "siku nyingine usingoje wageni waondoke. Nivute tu pembeni."

Watoto wakarudi darasani, lakini Chepe hakuitikia tena kwa mdomo. Akiitwa, aliinua mkono.

Basi, wanangu, mwenye habari nzito kwa mkuu wake amfuate faragha, amweleze alichokiona na amwambie wazi anachotaka afanye.