Hodi Kwenye Shimo la Bi Nungunungu

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa shimo.

La nani?

La mjane. Haya, sogeeni, na wewe Mwanahija acha kuchokoachokoa moto, utatuzimia.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiombana chumvi na moto, Bi Nungunungu alifiwa na mumewe. Matanga yakaondolewa, wageni wakarudi makwao. Kilio kilikuwa kimemchosha, akataka kimya. Akachimba. Akachimba. Akachimba, hata chumba chake kikawa mbali kabisa na mlango.

Kimya akakipata, kikamzidi. Mwezi wa kwanza hakuona mtu. Wa pili hakuona mtu. Wa tatu hakuona mtu. Akaacha kupika, maana chakula cha peke yako hakina hamu. Akakonda. Akajisemea kwamba ni hii miiba yake. Nani atake kukaa na kitu kinachochoma? Aliumia moyoni, tusifichane.

Asubuhi moja moto wake ukazimika, lisibaki hata kaa moja. Siku mbili akalala na baridi. Siku ya tatu akaona, ama atoke, ama afie humo asijulikane. Akachukua kigae, akapanda juu, akaenda mwambani kwa jirani yake Pimbi.

"Hodi."

Sauti ilikuwa imemkauka. Kimya.

"Hodi."

Kimya. Ya tatu akaitoa akiwa amekwisha kugeuka aende zake.

"Hodi."

"Karibu! Nilikuwa natwanga. Ni wewe, Bi Nungu?"

Pimbi akampa kigoda, akampa uji, kisha akamlaumu. Akasema yeye alikwenda kwake na mboga, Kanga akaenda na mtama, Ngiri akaenda na mihogo. Kila mmoja alipiga hodi tatu, hakuitikiwa, akaondoka kama ilivyo ada. Wakaamua kwamba mjane hataki watu.

"Sikusikia hata moja," akasema Bi Nungunungu. "Nalala mbali na mlango. Nilidhani mmeikimbia miiba yangu."

Pimbi akacheka mpaka akaweka mchi chini. "Miiba? Kwani tulikuja kukukumbatia, mwenzangu? Tulikuja kukujulia hali."

Bi Nungunungu akalia, kisha akaomba uji tena.

Akatiliwa kaa la moto kwenye kigae, akaaga. Njiani akapitia kwa Ngiri. Ngiri akamwuliza amepungukiwa na nini. Akajibu hana shida, amepita tu. Akapitia na kwa Kanga, wakazungumza weee. Alipofika kwake kaa limekuwa jivu. Ikambidi arudi kwa Pimbi kuomba jingine, wala hakuudhika.

Kesho yake akahamishia mafiga mlangoni.

Basi, wanangu, ukikosa wageni, kawe mgeni wewe.

Ngano yangu imekwisha. Ikiwapendeza, gawaneni nyote. Ikiwachukiza, niachieni mimi, nimezoea kula ukoko.