Digidigi na Sheria ya Fisi

"Niwape nisiwape?"
"Tupe!"
"Nikiwapa mtaimeza nzima?"
"Tutatafuna kwanza!"

Haya, tafuneni. Hapo kale paliondokea Digidigi, mama mmoja miguu kama njiti. Alikuwa mgonjwa wa akili. Sauti zisizo na mwenyewe zilimwita, naye alizijibu. Zamani majirani walimfunga kamba. Baadaye akapata vidonge vya zahanati, asubuhi kimoja, jioni kimoja, akalima viazi vyake, tiki-tiki-tiki. Sauti zikija, huziambia, "Ngojeni, nina kazi."

Jirani yake Fisi hali viazi. Lakini kitu kikiwa cha mwenzake, humnukia. Akaenda kwa Tembo, mkubwa wa kijiji.

"Mzee, anayeongea peke yake ni kichaa. Kichaa hamiliki shamba. Nipe mimi."

Digidigi akaitwa. Bila shamba lile atakula nini? Lakini hakukana.

"Mgonjwa ni mimi, Mzee, na dawa natumia. Ila sheria iwe kamili. Kaka Fisi, na anayecheka peke yake je?"

"Huyo kichaa kabisa! Afungwe kamba!"

"Na anayejisifu peke yake?"

"Afungwe mara mbili!"

Tembo akakanyaga chini, puu! Ikawa sheria.

"Basi nenda kaka, kalione shamba lako," Digidigi akasema kwa upole. "Nenda peke yako, ulifaidi."

Fisi huyoo! Digidigi akamvuta Tembo mkonga. "Njoo tuchungulie, Mzee." Kijiji kizima kikajibanza nyuma ya ua wa michongoma.

Fisi akatazama matuta, mkia ukamcheza. "Fisi wewe! Nani kama wewe? Hakuna! Hi-hi-hiii! Hwii-hi-hi!" Akagaagaa chini.

"Anaongea na nani?" Tembo akauliza.

"Na Fisi," akajibu Digidigi.

Wakamrukia. Kamba ikazunguka, wrr-wrr, miguu yote minne!

"Jamani, nimefurahi tu!" Fisi akalia. "Nifungueni!"

"Hata mimi nililia hivyo hivyo," Digidigi akasema. Majirani wakatazama kucha zao. "Mfungueni. Kamba haikuniponya, ilinichubua tu. Tena huyu si mgonjwa, huyu ni mlafi. Msituchanganye!"

Tembo akaona haya mpaka masikio yakalegea. Akaifuta ile sheria palepale, shamba likabaki kwa mwenyewe. Fisi akaondoka kanuna, hata kucheka anaogopa.

Jioni ile sauti zikamwita tena Digidigi. Lakini ikaja na nyingine, ya Kanga, aliyeshika kamba enzi zile.

"Shoga, kidonge umemeza?"

"Nimemeza! Njoo ule viazi!"

Mimi nimeutua mzigo. Mwenye bega auchukue. Na funzo? Jihadharini na wagonjwa wa akili, jamani, ni hatari sana. Ukikaa nao karibu, unaweza kupona.