Kombo na Ndugu Asiyeitika

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, moto bado una nguvu. Ngano ya leo si ya kucheka. Anayetaka kucheka na akalale mapema.

Hapo zamani za kale palikuwa na ndugu wawili, Kombo na Faki. Kombo, kaka mtu, alikuwa mrina asali. Faki aliondoka na msafara wa wachuuzi kwenda mji wa ugenini uitwao Harubu, akasema atarudi mavuno yajayo. Mavuno yakaja, yakapita. Yakaja mengine, yakapita. Yakaja mengine tena, yakapita.

Mama yao alikuwa kipofu. Wanawe aliwajua kwa sauti tu. Siku moja akamwambia Kombo, "Mwanangu, nenda kamwite ndugu yako. Akiwa hai ataitika. Faki hajapata kuitwa na mtu wa kwao akanyamaza."

"Nitakwenda, mama."

Kombo akaenda, akaenda, akaenda, hata akafika Harubu. Ulikuwa mji wa vichochoro vyembamba, watu wawili wakikutana, mmoja hurudi nyuma. Soko la viungo lilimtupa soko la ngozi, na soko la ngozi likamrudisha soko la viungo. Lugha ya watu hakuijua. Kila kona alisimama akaita, "Faki ee, Faki." Watu wakampisha kama wanavyompisha mwenda wazimu.

Akamkuta punda wa maji, amefungwa kwenye pete ya ukutani. Kombo akasema, "Punda wa watu, mimi mgeni. Namtafuta ndugu yangu, mwembamba, ana kovu juu ya jicho."

Punda akasema, "Mimi huona visigino vya anayenivuta tu. Lakini acha kuwauliza watu njia. Fuata harufu ya ngozi mbichi mpaka iishe, hapo muulize paka."

Akaifuata harufu hata ikaisha, akamkuta paka juu ya kizingiti. "Paka wa watu, mimi mgeni. Namtafuta ndugu yangu, mwembamba, ana kovu juu ya jicho."

"Mimi najua wenye samaki, na huyo hana samaki," paka akasema. "Fuata mfereji wa maji machafu unakoteremkia. Mwishoni yupo kunguru."

Akaufuata, akamkuta kunguru. "Kunguru wa watu, mimi mgeni. Namtafuta ndugu yangu, mwembamba, ana kovu juu ya jicho."

Kunguru akasema, "Yupo. Yuko uchochoro wa wafua shaba, hapo nyuma. Lakini usimkasirikie."

"Kwa nini nimkasirikie?"

Kunguru akaruka, akaenda zake.

Uchochoro ule ulikuwa nyundo tupu. Kombo akamwona Faki amempa mgongo, anafua sinia. Akaita, "Faki ee, Faki." Faki akafua. Akaita tena, Faki akafua. Akaita mara ya tatu, na nyundo haikusita. Kombo akajua amekanwa na damu yake. Akageuka aende, machozi yanamdondoka.

Ndipo Faki alipoinua uso kutafuta koleo, akamwona. Nyundo ikamponyoka. Wakakumbatiana, na Kombo akaanza kumlaumu. Faki akamwekea kidole mdomoni.

"Sema polepole, kaka, nikutazame mdomo. Nyundo zimenila masikio. Nakuona, sikusikii."

"Nimekuita mji mzima," Kombo akasema. "Nimekuita soko la viungo, siku nzima."

"Soko la viungo napita kila asubuhi," akasema Faki.

Wote wawili wakaketi chini.

Baadaye Kombo akasema, "Twende kwa mama."

"Niende nikamfanye nini? Yeye haoni, mimi sisikii. Ataniita uani, nami nitampita kama nilivyokupita wewe."

"Atakushika mkono. Mkono wako ataujua."

Lakini Faki alikuwa amekwisha kugeuza uso, asiuone mdomo wa kaka yake. Kombo akasema, akasema, akasema, na Faki akatazama ukuta. Alfajiri akamsindikiza hadi lango la mji, wala hakuvuka.

Kombo akarudi peke yake. Mama akasikia hatua zake, akauliza, "Ulimwita?"

"Nilimwita, mama, hata sauti ikanikauka."

"Akaitika?"

"Hakuitika."

Kombo alitaka kuendelea. Lakini mama alikwisha kujifunika kanga kichwani, akaangua kilio, na majirani wakaanza kuingia. Wakatandika mikeka, wakaweka matanga. Siku ya kwanza maneno yalimfika Kombo kooni, yakarudi. Siku ya pili yakamfika ulimini, yakarudi. Siku ya tatu mama akaomba uji, akanywa, akalala usingizi ambao hakuwa ameulala tangu Faki aondoke.

Kombo akaketi kando yake, akamtazama alivyolala. Hakumwamsha. Na hakumwambia, siku hiyo wala nyingine.

Ngano yangu imekomea hapo. Aliyebaki nayo rohoni, ni yake.