Kichwa cha Sangara na Mfuniko Uliokatwa

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana sufuria yenyewe bado inapikiwa, mjane mmoja aitwaye Nyakwesi alikuwa jikoni akichemsha maharage bila mfuniko. Alikuwa ameutafuta uvunguni, akautafuta kwenye kichanja cha vyombo, akautafuta hata bandani kwa kuku. Maharage yalikuwa yanakaukiwa, na maji ya kuongezea yalikuwa ziwani, maana mtungi nao haukuwa mahali pake.

Hapo akaingia jirani yake Nyasatu, anahema.

"Mama Bwire, wanao wameshika kitu. Au kitu kimewashika wao. Mtumbwi unakwenda na hakuna anayepiga kasia."

Nyakwesi akaepua maharage kwanza, ndipo akatoka.

Siku ile ilikuwa ya mwisho. Mumewe alikuwa amefariki akaacha watoto watatu na mtumbwi mmoja. Desturi ya kijiji kile ilikuwa hivi: mtumbwi wa marehemu humwendea mwanawe atakayeleta sangara kwa mshipi na ndoano, bila wavu, kabla ya mwezi mpya kuandama. Sangara asipopatikana, mtumbwi hurudi kwa ndugu wa marehemu. Akipatikana, mama humpika, mama hupakua, na yule atakayewekewa kichwa ndiye mwenye mtumbwi. Kichwa hakigawanywi. Watu wa pale walisema mtumbwi wa wawili huozea mchangani, kila mmoja akimngoja mwenzake auzibe.

Mwezi ulitarajiwa kuandama jioni ile, na shemeji yake Magesa, ndugu wa marehemu, alikuwa ufukweni tangu asubuhi. Alikuwa amekuja na kasia lake kabisa.

Watoto walifika wamelowa. Sangara alikuwa mrefu kuliko kizingiti cha jiko. Mdomoni mwake, juu ya ndoano, kilining'inia kipande cha bati chenye umbo la mbegu ya boga, na shanga tatu nyekundu chini yake. Nyakwesi alilitambua lile bati.

"Nani kamvua?" akauliza.

"Mimi," wakasema wote watatu.

Mafuru, mtoto wa kati, akaanza. "Mama, mvua imechafua maji. Sangara haoni hata pua yake. Siku ya kwanza tulitupa ndoano yenye kambare mdogo, akapita tu. Nikakata bati, nikalitoboa, nikaweka shanga ili lizunguke lisikwame. Likizunguka, maji yanatetemeka, na asiyeona anasikia. Bila bati langu asingekuja."

"Bati lako?"

"Mfuniko wako, mama. Kipande tu."

Wegoro, binti yake kitinda mimba, akamkatiza. "Siku ya pili si ulitupa bati tupu? Sema ulileta nini. Sangara alikuja, akaligonga kwa pua, akaenda zake. Bati halina harufu wala halipigi mkia. Mimi ndiye niliyechota watoto wa kambare kwenye tope la mpunga, nikawabadilishia maji asubuhi na jioni siku tisa. Wa wenzetu wamekufa wote. Wangu wanacheza mpaka sasa."

"Wanacheza wapi?"

"Mtungini."

"Uliniambia mtungi umevuja."

Wegoro akatazama vidole vyake vya miguu.

Bwire, mkubwa wao, alikuwa amefunga viganja kwa kipande cha kanga ya mama yake. "Jana bati na kambare vyote vilikuwa majini, na hatukupata kitu. Nikipiga kasia kwa nguvu, bati linazunguka kama limepagawa na kambare anachanika. Nikiacha, bati linalala. Leo nimepiga pole pole, ndipo akala."

"Mwambie mama kwa nini ulipiga pole pole," alisema Mafuru.

"Malengelenge."

"Angekuwa na mikono mizima angetufikisha ng'ambo."

"Na mshipi ulipokaza, nani aliushika na malengelenge hayo hayo?"

Magesa akacheka.

"Shemeji, mimi nasikia mmoja kaiba mfuniko, mmoja kasema uongo, mmoja kachoka. Samaki huyu hana mwenyewe."

"Utakula hapa, shemeji," alisema Nyakwesi. "Kasia lako liache nje."

Akampaa sangara magamba, akamkata, akambandika motoni. Kisha, kwa kuwa hakuwahi kuona kitu kama kile, akajaza maji kwenye beseni, akafunga bati kwenye uzi, akalivuta. Haraka, likarukaruka. Taratibu mno, likalala. Katikati ya hapo, likazunguka vizuri, na vidole vyake vikahisi mtetemo. Alilivuta mara nyingi kuliko ilivyohitajika, huku mvuke ukitoka kwenye tundu la mfuniko, ambao Mafuru alikuwa ameurudisha.

Akawaza. Bwire ana nguvu na ataingia ziwani kila siku, lakini mikono ikipona ataanza tena kukimbiza. Mafuru ataleta mengine mapya, na kesho atakata sufuria. Wegoro ataolewa, na mtumbwi utaifuata ndoa yake. Lakini ndiye pekee anayeamka bila kuitwa.

Ugali ukaiva. Akaweka sahani, akahesabu watu. Bwire yupo, ameshika tonge kwa vidole viwili. Mafuru yupo. Wegoro yupo, mtungi umesuguliwa. Shemeji yupo, macho yake magharibi. Nyasatu yupo, kwa kuwa mleta habari naye hula.

"Mwezi ule pale," alisema Magesa.

Nyakwesi akakiinua kichwa kwa upawa. Mchuzi ukachuruzika, sahani tatu zikasogea mbele kwa pamoja.

Enyi mlioketi hapa, mmeyasikia yote kama yeye alivyoyasikia, na upawa bado uko juu. Semeni upesi, chakula kinapoa: kichwa kile, ninyi mngemwekea nani?